Kumwona Akiwa Amelala

Anayesema kulea watoto wa watu nyumbani ni kazi ya kukaa, apewe wanne asubuhi na mapema: mmoja anaharisha, mmoja hataki kuvua kofia, mmoja ameficha kitu mdomoni na hasemi ni nini, na wa nne anawacheka wenzake. Halafu mchana aje atuambie alikaa wapi.

Mama Mkasi naye alikuwa wa hao hao. Alikata vitambaa katika kiwanda cha sare tangu usichana wake, ndiko jina lilikotoka, na kiwanda kilipofunga milango akajipa moyo: mimi nimelea mwana mmoja mpaka amekuwa mtu mzima na ndevu zake, wa wenzangu watanishinda nini? Akafagia sebule, akatandika mkeka, akawatangazia majirani kwamba kuanzia sasa analea. Jirani mmoja akamuuliza, "Unalea nini, kuku?" Wakacheka wote, na yeye akacheka nao.

Kicheko kilikwisha siku ofisa wa ustawi wa jamii alipokuja kukagua. Alikuwa mwanamke mfupi, mpole wa sauti, lakini macho yake hayaachi kitu. Badala ya kukaa kwenye kochi aliloandaliwa, alivua viatu, akapiga magoti, akaanza kutambaa sebule nzima kama mtoto anayeota meno. Mama Mkasi akawa anamfuata kwa nyuma amesimama, hajui acheke au naye atambae. Kutoka huko chini ofisa akatoa msumari, sindano za kushonea, waya wa pasi uliochunika, na nyuma ya kabati, kopo la sumu ya mende lililokuwa wazi. Akavipanga vyote mezani. Mama Mkasi aliona aibu mpaka masikio yakamwaka moto. Kumbe huyo mwana mmoja anayejivunia kumlea alipona kwa rehema tu.

Basi akajifunza. Pembe za meza zikavikwa sponji la godoro kuukuu. Ndoo ya kudekia ikapigwa marufuku kukaa na maji. Kila mtoto akawekewa kikombe chake, taulo lake na kigodoro chake, na mlango wa jikoni ukapata kizuizi cha mbao ambacho mwanawe alikuja kumpigia misumari bila hata kuombwa. Ofisa aliporudi alitambaa tena, na safari hii akainuka mikono mitupu. Kabla ya kumkabidhi kibali akamwambia jambo la mwisho.

"Mtoto anaondoka na mkono uliomleta. Akija mwingine, hata awe nani, unampigia mzazi simu kwanza. Na saa za kazi, mama, huu mlango si wa ndugu tena. Ni mlango wa kazi."

"Nimeelewa," alijibu Mama Mkasi. Na kweli alielewa, kwa sababu hakuna aliyekuwa amegonga bado.

Wa kwanza walitoka hapo hapo mtaani. Kulikuwa na Bonge, mtoto wa kinyozi, mzito kama gunia, mwenye tabasamu la bure kwa kila mtu. Kulikuwa na Wakili, binti wa mwenye duka la dawa, ambaye alibishana hata na uji. Hao hawakumpa shida. Aliyemtoa jasho ni wa tatu, maana huyo alikuwa mjukuu wake mwenyewe.

Hapa inabidi nieleze kidogo, na nitaeleza bila kumpaka mtu mafuta. Mwana wa Mama Mkasi ni fundi wa majokofu, na watu humwita hivyo tu, Fundi. Ni mcheshi, mikono yake ina akili, lakini hasira yake iko karibu sana. Alioa muuguzi, wakapata binti mwenye kidoa cheusi pembeni mwa pua, wakamwita Kidoti, na baadaye ndoa ikawafia mikononi. Fundi hakuwahi kumpiga mkewe. Alichofanya ni hiki: baada ya ugomvi mmoja alimchukua mtoto, akazima simu, akakaa naye kusikojulikana wiki nzima, eti mama yake apate adabu. Muuguzi alizunguka mji na picha ya mwanawe mkononi. Aliingia mpaka chumba cha maiti cha hospitali anayofanyia kazi, akafunuliwa mashuka. Mtoto alirudi mzima, tena amenenepa. Mama yake ndiye hajarudi mzima hadi leo. Mahakama ikaamua baba atamwona mtoto ofisini kwa ustawi, mbele ya ofisa, basi. Fundi alikwenda mara mbili akaacha. Alisema hawezi kukaa kwenye kiti cha plastiki akilindwa kama mwizi mbele ya mwanawe.

Ndiyo maana Mama Mkasi alipofungua mlango asubuhi moja akamkuta Muuguzi amesimama na sare yake, mtoto mkononi, alijifuta mikono kwenye kanga mara mbili.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Ingia basi."

"Nitasimama tu." Muuguzi alikuwa amekonda usoni. "Zamu yangu inaanza alfajiri. Huko alikokuwa wanawawashia runinga mpaka jioni, mtoto anarudi hata uso hajafutwa. Nimesikia wewe unapokea mapema, na nimesikia unawaangalia vizuri. Sikuja kama mkwe. Namleta kama mzazi mwingine yeyote, nitalipa kama wao. Lakini baba yake asimwone hapa. Siku akikanyaga hapa, namtoa."

Mama Mkasi alikuwa na maneno ya kujaza debe. Alitaka kusema hajamshika mjukuu wake tangu mahakama iamue. Alitaka kusema pole. Akayameza yote. "Hatakanyaga," akasema. "Naapa."

"Usiape, Mama. Funga mlango tu."

Kwa hiyo akawa anafunga mlango, na furaha ikawa humo ndani pamoja naye. Watoto wote walimwita Bibi, na Kidoti akamwita hivyo hivyo. Asubuhi alimpokea bado ana joto la kitanda, akamlaza begani, akasimama dirishani hivyo mpaka kunapambazuka, hana haja na kitu kingine. Aliogopa tu kumpendelea. Alimpa uji kwa kipimo cha wenzake, na Wakili, ambaye macho yake yalikuwa kwenye kila kikombe, alithibitisha.

Shida ya Kidoti ilikuwa usingizi. Mchana wenzake walipolazwa, yeye alikaa wima kwenye kigodoro chake, ametoa macho. Ukimwimbia anaimba na wewe. Ukimpapasa mgongo anakuuliza maswali. Wakati mwingine usingizi ulimwangusha amekaa, akashtuka, akaangalia nani yupo na nani hayupo. Mama Mkasi alimwambia Muuguzi jioni, "Leo tena hakulala," na Muuguzi akatikisa kichwa. "Tangu ile wiki, Mama. Nyumbani ni vile vile."

Fundi alikuja saa hiyo ya kulala. Alisukuma mlango kama alivyousukuma maisha yake yote, akakuta umekomewa, akagonga. Mama Mkasi alifungua dirisha, kidole mdomoni.

"Mimi napiga hodi kwenye nyumba niliyozaliwa?" Fundi aliuliza, nusu anacheka.

"Niko kazini, baba. Njoo jioni."

"Jioni atakuwa ameshaondoka."

Kumbe anajua. Kinyozi, baba yake Bonge, alikuwa amemnyoa na kumsimulia yote, bila nia mbaya. Mama Mkasi akamwambia haiwezekani. Akamwambia ameahidi. Alijiandaa kwa ile hasira yake, akashika komeo la dirisha. Hasira haikuja. Fundi aliweka paji la uso kwenye nondo za dirisha, na mama yake akaona kola ya shati imechakaa, shingo imekuwa nyembamba kama alipokuwa mvulana.

"Sitamwamsha," alisema. "Simsemeshi. Nimwone tu akiwa amelala, Mama. Yeye mwenyewe hatajua nilikuja."

Siku hiyo Kidoti alikuwa amelala, na kwa kweli amelala, amechoka kwa kulia jino. Na hapo ndipo mtu mzima, mwenye kibali chake ukutani, alipoanza kujidanganya mchana kweupe. Alijiambia mkwe wake anaogopa mtoto ataibiwa, na kumtazama mtu si kumwiba. Alijiambia mtoto asiyejua kitu hajaumizwa na kitu. Alijiambia kwamba ofisa mwenyewe angekuwa na mwana angefanya hivyo hivyo. Mtu akitaka kufungua mlango, sababu hazimwishi. Akafungua.

Fundi alivua viatu. Alikaa chini kando ya kigodoro, mikono yake mikubwa ameifungia mapajani asije akagusa, akamtazama mtoto wake anavyopumua. Machozi yalimtoka bila sauti. Mama Mkasi naye alilia pale pale aliposimama, akajifanya anakunja nepi. Baada ya muda mfupi Fundi aliinuka akaondoka, akamwachia mama yake sebule ile ile, watoto wale wale, hakuna kilichovunjika. Jambo likifanyika mara ya kwanza na dunia isianguke, ujue limepata mwenzake.

Alirudi siku chache baadaye. Akarudi tena. Wakawekeana sharti: mtoto akijigeuza tu, Fundi anatoka. Na siku moja Kidoti alijigeuza kweli, jicho moja likafunguka, na Mama Mkasi akamkamata mwanawe mkono akamsukumia mlango wa nyuma kabla hajavaa viatu. Aliporudi sebuleni Kidoti alikuwa amekaa, anatazama pale sakafuni palipokuwa na mtu.

"Bibi, nani alikuwa hapa?"

"Hakuna mtu. Umeota."

Mtoto hakubisha. Alilala chini tena, akafumba macho.

Kuanzia hapo Kidoti akawa mwepesi wa kulala kupita wote. Chakula kikiisha tu, yeye ndiye wa kwanza kigodoroni, shuka mpaka kidevuni, macho yamefungwa. Wenzake wanapigania mto, yeye kimya. Mama Mkasi alishangilia moyoni. Akaona ndiyo kazi hiyo sasa, subira imelipa, mtoto ametulia. Aliona mpaka fahari.

"Amekula, amecheza, na amelala vizuri," alimwambia Muuguzi jioni, na kila jioni.

Muuguzi akaanza kulegea. Siku moja alikubali kuingia ndani. Siku nyingine alikaa, akanywa chai, akavua viatu vya kazi akajikanda vidole. "Umempa dawa gani, Mama? Mimi kwangu hafumbi macho mpaka nichoke mimi. Huku kwako analala." Akacheka, kicheko ambacho Mama Mkasi hakuwa amekisikia tangu harusi. "Nilifikiri nakosea kumleta. Nashukuru nilimleta."

Mama Mkasi alikiweka kikombe chake chini, chai haijaisha. Usiku alijiambia kesho namwambia mwanangu basi, imetosha. Mchana ukifika, ile shingo nyembamba ikisimama dirishani, anasema leo tu. Na Fundi alikuwa amebadilika, hilo nalo lisemwe. Alikuwa mpole. Alimletea mama yake taa mpya ya bafuni. Alitengeneza jokofu lililokuwa likinguruma. Mama Mkasi aliona kama amepata familia yake yote tena chini ya paa moja, ila haikuruhusiwa kuwa macho wakati mmoja.

Siku yenyewe ilianza kwa kuharisha kwa Bonge. Fundi alipokuja, mama yake alimfungulia huku pua ameziba, hakuangalia sana. Aliona shati safi. Aliona gari la kazini kwake limeegeshwa nje, limegeuzwa tayari kuelekea barabarani, akadhani ana jokofu la mtu wa jirani. Alimwonyesha kidole mdomoni, akambeba Bonge mbio bafuni, kwa maana nepi ilikuwa imeshindwa kazi na mgongo mzima ulikuwa umechafuka.

Alikuwa anamsuuza aliposikia komeo la mlango wa mbele. Komeo lile lina sauti yake, anaijua. Alitoka na Bonge ubavuni, uchi, maji yanachuruzika, akamkuta mwanawe ameshika kitasa kwa mkono mmoja. Mkono wa pili ulikuwa umembeba Kidoti. Viatu vya mtoto vilikuwa vimechomoza kwenye mfuko wa suruali yake.

"Mrudishe," Mama Mkasi alisema.

"Mama, niache. Nisikilize kwanza. Nimepata kazi mji mwingine. Nimepanga chumba, nimemnunulia kitanda chake. Tutakuja kukuona."

"Mrudishe, baba yangu. Nakuomba."

"Kwani anajua? Amelala. Ataamka tumeshafika."

Mama Mkasi alisogea mpaka akawa kati yake na mlango. Bonge alikuwa anamteleza. Hapo karibu ndipo alipomwona mjukuu wake vizuri. Mtoto aliyelala ukimbeba anaanguka begani kama nguo iliyolowa, mikono inaning'inia, mdomo wazi. Huyu mikono yake ilikuwa shingoni kwa baba yake. Vidole alikuwa amevifunganisha kwa nguvu. Macho alikuwa ameyabana mpaka uso mzima umekunjamana.

"Huyo hajalala," alisema.

"Amelala."

"Mwangalie mikono."

Fundi aliigusa ile mikono. Alisimama kidogo kama mtu aliyeitwa na sauti asiyoijua. Kisha alipiga magoti pale pale mlangoni, akamweka mtoto mapajani, akamshika kidevu.

"Kidoti, binti yangu. Fungua macho, ni mimi."

Kidoti akatikisa kichwa.

"Fungua unione basi."

"Nimelala," alisema Kidoti.

"Mbona unaongea?"

"Nimelala, Baba."

"Kwa nini hutaki kuamka, mwanangu?"

Mtoto alificha uso kwenye lile shati safi. "Nikiamka unaondoka."

Halafu Wakili akainua kichwa kutoka kigodoro chake, akasema kwa ile sauti yake ya kutoa ushahidi, "Yeye halalagi. Hata mimi silali. Huwa tunamwona huyu mjomba kila akija."

Fundi alimtazama mama yake. Mtu akitafuta wa kumlaumu huanza na aliye karibu. "Mmemfanya nini mwanangu?"

"Sisi wawili," Mama Mkasi alisema. "Wewe na mimi, hapa hapa. Mlaze chini."

Alidhani atapigana. Alikuwa tayari kupiga kelele mtaa mzima uje. Lakini nguvu zilikuwa zimemtoka Fundi. Alimpeleka mtoto kigodoroni, akainama kumlaza, na mtoto hakuachia. Ilibidi bibi yake amweke Bonge chini, aje, afungue kidole kimoja kimoja. Kila akifungua kimoja kingine kinarudi. Miaka yote ya kiwandani, visu na mikasi, mikono yake haikuwahi kufanya kazi aliyoichukia namna ile. Na Kidoti alikuwa analia macho yamefungwa, haachi kuyafunga.

Fundi alitoa viatu mfukoni, akaviweka sakafuni, akatoka. Gari lilinguruma likaenda. Mama Mkasi alikomea mlango, akarudi kumfuta Bonge, ambaye alikuwa amekaa kwenye dimbwi lake anatabasamu.

Mchana uliobaki ulikuwa mrefu. Kidoti hakuinuka. Alikataa maji, akakataa mkate, akabaki amelala ubavu, macho yamebanwa. Na hapo nisidanganye, Mama Mkasi alifikiria kunyamaza. Mbona ingewezekana? Wakili angepewa biskuti. Kidoti alikuwa ameshazoea kutunza siri kuliko watu wazima. Yeye mwenyewe angemfungia mwanawe mlango safari hii kweli kweli, na jioni angesema amekula, amecheza, amelala. Angebaki na kibali chake, na mjukuu wake begani alfajiri. Aliyageuza hayo kichwani huku akikunja nepi zile zile. Lakini kila akifika mwisho alikiona kile kitanda kilichonunuliwa katika mji usiojulikana. Mtu aliyekwisha kununua kitanda harudi nyuma kwa kufungiwa mlango mmoja. Atamngoja kwingine. Na huyu mtoto atakwenda naye akiwa amefumba macho.

Muuguzi alikuja na uchovu wake na mfuko wa machungwa. Alimwona Kidoti amelala, akashusha sauti. "Leo amepitiliza."

"Hajalala," Mama Mkasi alisema. "Hajalala siku nyingi. Kaa chini, mwanangu."

Alimwambia yote akiwa amesimama. Dirisha, sharti, viatu mfukoni, gari lililogeuzwa. Hakujipunguzia. Muuguzi alikaa kwenye kile kiti kidogo cha mtoto, magoti yakiwa juu, mfuko wa machungwa bado mkononi. Hakupaza sauti, na Mama Mkasi alitamani sana apaze.

"Nilijua anaweza kuja," Muuguzi alisema mwishoni. "Hilo nilijua. Nilikuwa sijui wewe utafungua."

"Nilifungua."

"Na mimi nakaa hapa nakunywa chai. Nakushukuru."

"Ndiyo."

Muuguzi aliinuka, akapiga magoti kigodoroni, akamwondolea mtoto nywele usoni. "Ni mama. Amka twende."

"Baba ameenda?"

"Ameenda."

Kidoti alifungua macho. Yalikuwa mekundu, yanapepesa kwa mwanga wa jioni. Muuguzi alimkumbatia, akakaa naye sakafuni, akatoa simu.

"Nampigia ofisa," alisema bila kumtazama mama mkwe wake. "Nikisema mimi, nitaambiwa ni maneno ya mwanamke aliyeachana na mumewe. Ofisa mwenyewe ataamini, lakini mahakamani watauliza nani aliona. Aliyeona ni wewe. Utasema?"

Mama Mkasi alijua anaulizwa nini. Akisema, kibali kinatoka ukutani. Hilo lilikuwa dogo. Akisema mtoto alifikishwa mlangoni na gari lilikuwa linangoja, hata kile kiti cha plastiki ofisini Fundi hatakikalia tena. Huenda polisi wakamfuata huko kwenye chumba chake kipya. Alikuwa na mwana mmoja. Alimlea na sumu ya mende nyuma ya kabati, akakua, akamtengenezea kizuizi cha jikoni.

"Lete," akasema, akaichukua simu.

Ofisa alipokea, sauti ile ile ya upole. Aliuliza moja moja, na Mama Mkasi alijibu moja moja. Mlango ulifunguliwa na nani? Na mimi. Kwa muda gani? Wiki nyingi. Mzazi alijua? Hakujua. Leo alimfikisha wapi mtoto? Mlangoni, ameshika kitasa.

"Na huyo mwanamume ni nani wako?"

"Ni mwanangu," alisema. "Nimemzaa mimi."

Upande wa pili kalamu ilisikika ikiandika. Ndipo Mama Mkasi alipohisi anavutwa kanga. Kidoti alikuwa amejichomoa mapajani kwa mama yake, amesimama peku, amemkazia macho.

"Bibi," alinong'ona. "Mwambie nilikuwa nimelala. Mwambie mimi sikumwona."

Mama Mkasi alimtazama mjukuu wake, akamtazama Muuguzi, ambaye alikuwa amefunika mdomo kwa kiganja.

"Mama?" ofisa aliita. "Bado upo? Mtoto alikuwa anajua kinachotokea?"

"Alikuwa macho," alisema Mama Mkasi, na mtoto akaiachia kanga. "Siku zote hizo alikuwa macho. Na mwanangu alikuwa anamchukua. Andika hivyo."